Mwarobaini wa Overport

Watu wa Point, mtaa wa bandarini Durban, walimwita Mama Majani, naye alijifanya halipendi jina hilo. Ukimwita hivyo ngazini anakukata jicho, halafu anapandisha mfuko wake wa plastiki begani ili majani yaonekane vizuri. Jina lake hasa ni Ernestina Mhina, Mbondei wa Muheza, Mwanglikana, mfupi, mnene wa kiasi, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watoto wa watu. Tulikaa chumba kimoja, mimi naye, katika ghorofa moja bovu karibu na Point Road, lifti yake imekufa zamani na ngazi zake zinanuka samaki. Tuligawana chumba kwa pazia: upande wa dirisha ukawa wake, upande wa mlango ukawa wangu. Alidai dirisha kwa sababu amenizidi umri, na katika kila ubishi wetu sababu hiyo ilimtosha.

Alikuja Durban akiwa yaya. Tanga mjini aliwafanyia kazi Wahindi wenye duka la vitambaa, akawalea watoto wao tangu wakiwa wa nepi. Mwaka tisini na tano wenye duka wakaona Afrika Kusini imefunguka, wakafunga virago, na watoto wakalia mpaka yaya naye akakatiwa tiketi. Yeye alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Perpetua, ndiyo kwanza anamaliza darasa la saba. Huyo hakuna aliyemlilia. Alibaki Muheza kwa bibi yake, akaahidiwa kwamba kabla ya Krismasi mama atamwita. Wahindi wale hawakukaa sana Durban, wakahamia Kanada, na safari hiyo watoto walikuwa wamekua, hawakulia tena. Ernestina akaachiwa godoro, redio na busu la shavuni.

Mimi ningewatukana mpaka uwanja wa ndege. Yeye alikuwa akiwasifu. "Nimekula chumvi yao, Bupe," alikuwa akiniambia, "Mhindi namjua mimi, ndani na nje." Hiyo ndiyo iliyokuwa jeuri yake kubwa, kwamba anawajua Wahindi, na ndiyo iliyompatia kazi mtaa wa Overport kwa ajuza mmoja wa Kitamil, mjane, tuliyemwita Anti Thaya kwa sababu jina lake kamili lilikuwa refu kuliko pumzi zetu. Anti Thaya alikuwa na nyumba ya matofali yenye veranda nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, magoti mabovu, na watoto waliotawanyika Johannesburg na Australia. Nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, palikuwa na mti.

Hadithi ya mti huo nilisimuliwa mpaka nikaijua kwa moyo. Siku yake ya kwanza kazini, Ernestina alitoka nyuma kuanika mashuka, akauona, akaachia beseni. "Nilitaka kuukumbatia," aliniambia. "Mwarobaini, Bupe! Huku kwa makaburu!" Alichuma jani akalinusa. Akaona kwamba jani lenyewe ni dogo kuliko la kwetu na kikonyo kimegawanyika mara mbili, na maua ni ya zambarau ilhali ya Tanga ni meupe. Akaenda kumuuliza Anti, kwa Kiingereza chao cha jikoni. Hakuuliza jina, maana la Kiswahili Anti asingelijua na la Kitamil yeye asingeliweza. Aliuliza kazi zake. Mnafunga matawi mlangoni mtoto akitoka ukurutu? Ndiyo. Mnatia majani kwenye debe la mchele wadudu wasiingie? Ndiyo. Kwenye sanduku la nguo? Ndiyo. Mnafukizia mbu? Ndiyo, na marehemu mume wangu alikuwa akisugua meno kwa vijiti vyake. Basi wakashikana mikono, watu wazima wawili wanafurahia mti.

Na ilikuwa kweli, ule mti ulifanya kazi nyumba nzima. Nilikwenda Overport mara kadhaa kumsaidia Ernestina kubeba vitu, nikaona mwenyewe. Ukifungua debe la mchele unakuta majani makavu yamelala juu. Sari za harusi za Anti zilikuwa zimekunjwa na majani katikati. Jioni mbu wakianza, kigae chenye makaa kinawekwa verandani na rundo la majani mabichi juu yake, na moshi unakutoa machozi. Mwezi wa sherehe ya hekaluni, jirani zake walikuja kuomba matawi ya kupamba vyungu wanavyobeba kichwani, na Anti alisimama kizingitini akigawa kama mwenye shamba.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye magonjwa ya vipele. Mtoto akitoka surua au tetekuwanga, Anti hakusema anaumwa. Alisema Mama amekuja kutembea. Mama huyo ni mungu wao wa kike, ana joto, akiingia mwilini mwa mtu anatoa vipele, kwa hiyo anapokewa kwa heshima mpaka aondoke kwa hiari. Matawi yanatundikwa mlangoni ili watu wajue. Ndani hakukaangwi kitu, hakugombwi, hakuna mgeni anayeingia na vumbi la njiani. Mgonjwa analazwa juu ya majani, akiwashwa hakuni kwa kucha, anapapaswa kwa kitawi. Vipele vikikauka anaogeshwa maji yaliyoachwa juani, yenye majani na manjano, na mambo yamekwisha. Ernestina alisikiliza haya yote kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza padri.

"Lakini da Tina," nilimwambia siku moja, "si umesema maua ni ya zambarau?"

"Nchi na nchi, Bupe. Hata maembe ya huku si kama ya kwetu, mbona unayaita maembe?"

Mimi ni wa Tukuyu, kwetu ni migomba na baridi, mwarobaini nimeufahamu ukubwani. Yeye ndiye mtu wa pwani.

Kilichomjengea jina pale Point ni mtoto wa Goreth, Mrundi wa chumba cha pili, aliyekuwa akisuka nywele mjini. Asubuhi moja Goreth aligonga mlango wetu amembeba binti yake. "Dada Erne, nisaidiye, mutoto iko na bipele mwili muzima!" Ilikuwa tetekuwanga. Ernestina akafunga kitambaa kichwani akaanza kuamrisha ghorofa nzima. Matawi yakapanda mlangoni kwa Goreth. Wakongo waliokuwa wakikaanga samaki koridoni waliambiwa wahamie chini. Mume na mke wa chumba cha mwisho, ambao kwa kawaida walipigana kila wakilipwa, waliambiwa wanyamaze, na kwa maajabu wakanyamaza. Mtoto akapona, akaogeshwa maji ya manjano mpaka beseni likabaki na rangi. Nilimwambia Ernestina kwamba tetekuwanga huisha yenyewe. Alininunia wiki nzima.

Baada ya hapo kila mtu akataka majani. Mwenye mtoto wa ukurutu, mwenye kunguni, mwenye gunia la maharage linalotobolewa. Ernestina alileta mfuko baada ya mfuko kutoka Overport, na Anti Thaya alifurahi kugawa, akiambiwa tu kwamba ni kwa ajili ya watu wa Point. Hakuna aliyedhurika. Niseme wazi kwa nini: majani yale tuliyaweka kwenye ngozi, kwenye milango na kwenye madebe. Hakuna aliyeyanywa, maana kwetu mwarobaini unanywewa hasa kwa malaria, na Durban hakuna mbu wa malaria.

Muda wote huo Ernestina alikuwa na neno moja tu moyoni, Perpetua. Krismasi aliyoahidi ilipita, na nyingine, na nyingine. Mimi nilifanya kazi kwa Baudouin, Mkongo mwenye duka la simu kwenye kona ya West Street, kwa hiyo simu zake zote za Muheza nilizipiga mimi. Unapiga kwa mwenye duka jirani, unamwomba amwite bibi, unakata, unasubiri, unapiga tena. Bibi yule aliamini kwamba nchi ikiwa mbali na sauti lazima ifike mbali, kwa hiyo akiongea dukani kwetu tulimsikia wote. "Mtoto anakuulizia! Unamsikia? Amekua!" Ernestina akiweka simu chini anapitia madukani kununua nguo. Chini ya kitanda chake palijaa magauni na sketi za msichana wa darasa la saba, ingawa miaka ilikuwa imekwenda. "Peti akifika," alikuwa akisema, "ndipo nitalala usingizi wa kweli."

Peti akafika mwezi wa sita, mwaka tisini na nane. Alipita Malawi, akapita Msumbiji, akakwama Maputo kwa majuma akingoja wa kumvusha, analala kwenye nyumba ya watu kando ya kinamasi. Tulimpokea stendi ya taxi, mimi na mama yake. Alishuka dada mrefu, mwembamba, mwenye kovu dogo nyushini ambalo Ernestina hakuwa akilijua. Alipiga goti akasema, "Shikamoo, mama," kwa adabu ile anayopewa mama yeyote wa barabarani. Ernestina akacheka, akalia, akamshika kovu. "Hili lini?" alimuuliza. "Hili lini, mwanangu?"

Kwa siku chache chumba chetu kilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona. Nguo zilitolewa zote chini ya kitanda, hakuna hata moja iliyomwingia, na Peti alizijaribu moja moja ili mama yake afurahi, mikono imetokeza, zipu zimegoma, tukicheka mpaka Goreth akaja kuuliza kuna nini. Walilala kitanda kimoja. Nyuma ya pazia nilimsikia Ernestina akiuliza mambo madogo, nani alikusuka, nani alikufundisha kupika, ulipovunja ungo ulimwambia nani. Niliona wivu, sifichi. Mimi hakuna aliyekuwa akinifuata kutoka Tukuyu.

Halafu homa ikaja. Peti alianza kutetemeka mchana, meno yanagongana, amefunikwa kila kilichokuwa chumbani, baadaye akawaka moto na kutupa mablanketi yote. Hakuna aliyehitaji kutuambia. Malaria sisi tunaijua kabla ya kujua kusoma.

"Hospitali," nilisema.

"Na pasi?" Ernestina aliuliza. "Mwezi uliopita nilikwenda kliniki na kifua changu tu, mapokezi wakaona mimi mgeni, wakaniita kwerekwere mbele za watu. Nina cheti cha kuonyesha, mimi. Huyu mtoto ana nini?"

"Watamtibu tu. Wakitukana, watukane."

"Nimpeleke mwanangu akatukanwe, na dawa ninayo?"

Tuligombana vibaya. Nilikwenda duka la dawa kutafuta klorokwini, wakataka karatasi ya daktari. Nilikwenda kazini na hasira zangu, nikamweleza Baudouin, naye akasema, "Bupe, mutu ya malaria anapaswa kwenda hôpital, vraiment. Gari yangu iko." Niliporudi kumwambia Ernestina kwamba gari lipo, nilikuta sufuria tayari iko motoni.

Ilikuwa majira ya baridi na mti wa Overport ulikuwa umepukutika. Haukuwa na majani, ila matunda yalijaa matawini, vishada vya manjano, mengine yameanguka kote chini ya kamba ya nguo. Ernestina aliyaokota asubuhi alipokwenda kazini. Anti Thaya alimwona kutoka dirishani akiinama na kuinuka, akadhani anafagia uwanja. Ernestina alirudi mapema nayo mfukoni, akayaponda, akayachemsha mpaka maji yakawa mazito. Akachota kijiko, akaonja, akatikisa kichwa.

"Hauna uchungu wa kutosha," alisema. "Ndiyo yale yale ya maembe. Kila kitu chao huku kimepoa." Akaongeza matunda mengine.

Kwetu dawa inapimwa kwa uchungu. Dawa isiyokunja uso haijawahi kumponya mtu. Angeupata mwarobaini wa Muheza, majani machache tu yangemtosha, ulimi wake ungemwambia acha. Huu haukumwambia acha, kwa hiyo hakuacha.

Peti aliinuliwa, akapewa kikombe. Alikunywa mafunda machache akakishusha. "Mama, hii siyo," alisema. "Ya bibi inakausha ulimi."

"Ni hiyo hiyo, ya huku. Kunywa."

"Ina ladha nyingine."

"Kunywa, mwanangu. Mtu mzima hivi unadeka." Alisema kwa upole, akicheka, amemshika kisogo. Peti akamaliza kikombe, maana aliyemwambia anywe ni mama yake, na alikuwa amevuka nchi nzima nzima ili aambiwe neno na mama yake.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Malaria ndivyo ilivyo, inashuka na kupanda, na Ernestina alijua hivyo kama mimi, lakini siku ile alitaka iwe dawa. Alinitazama kwa jicho la ushindi, akampa kikombe cha pili. Kabla ya saa nne Peti alianza kutapika. "Inatoka," alisema Ernestina, akishika beseni. Tumbo likafuata. "Inatoka hiyo, iache itoke." Peti akasema midomo imekufa ganzi. Akataka kwenda chooni, miguu ikamkataa, akaanguka mlangoni mwetu. Tulipomgeuza, macho hayakuwa yakitutazama sisi, na mwili ulianza kukakamaa na kuruka.

Hapo Ernestina alipiga kelele iliyofungua milango yote ya koridoni. Wakongo walimbeba Peti ngazi zote zile, Goreth akitangulia kusafisha njia, Baudouin akaja na Toyota yake akipita kila robot, yaani taa za barabarani, bila kuangalia rangi. Mapokezi hakuna aliyeuliza pasi. Hata leo nikikumbuka hilo nashikwa na hasira isiyo na mtu wa kumwangukia: hakuna aliyeuliza pasi. Walimchukua mbio mbio, wakafunga mlango. Adhuhuri alikuwa amekufa.

Daktari alikuwa binti wa Kihindi, mdogo, amechoka. Aliuliza kwa Kiingereza mgonjwa alipewa nini. Ernestina akatia mkono mfukoni, akayatoa matunda yaliyobaki, akayaweka kwenye kiganja cha daktari bila woga wowote, maana alidhani anaulizwa juhudi alizofanya. Daktari aliyatazama, akafumba mkono. Akanigeukia mimi, akasema nimtafsirie mama taratibu.

"Usitafsiri," alisema Ernestina. "Kiingereza nasikia. Aseme."

Daktari akasema. Alikuwa na malaria, ndiyo. Malaria wangeiweza. Haya matunda ni sumu.

"Lakini ni ya kwa Anti," alisema Ernestina. Alinishika mkono. "Mwambie, Bupe. Mwambie ni ya kwa Anti Thaya."

Nilimwambia, ingawa daktari hakuwa na namna ya kumjua Anti Thaya.

Baudouin alitupeleka dukani, akamtoa mteja kwenye kibanda cha mwisho. "Mama Peti, ingia, piga simu, hakuna kulipa. Inafaa batu ba nyumbani bajue." Ernestina alisimama mlangoni mwa kibanda, hakuingia. Alisema hawezi kumpigia mama yake kabla hajajua la kumwambia. "Nitamwambia nini? Kwanza nifike Overport. Nikamuulize mwenye mti." Nilimsihi apumzike, nikamwambia ajuza yule hatarudisha kitu. Hakunisikia. Tukapanda taxi.

Anti Thaya alikuwa verandani anachambua dengu kwenye sinia. "Umechelewa leo, Ernestina," alisema, halafu akaona nyuso zetu. Ernestina alikuwa amebakiwa na tunda moja. Aliliweka juu ya dengu.

"Anti, hiki ni nini?"

"Tunda la ule mti wetu. Kwa nini?"

"Peti alishikwa na malaria. Nilimchemshia."

Ajuza aliacha kuchambua. "Ukamwosha?"

"Kanywa."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu, lakini siku ile niliuona. "Nani anakunywa hii?" aliuliza. "Ernestina, nani alikuambia inanyweka? Sisi hatuinywi. Mimi nikiwa mdogo nililitia moja mdomoni, mama yangu alinipiga mpaka nikajikojolea. Kila mtoto wa hapa anajua."

"Ulisema ndio mti wenyewe."

"Ndio mti wetu wenyewe, wa hapa." Na akatueleza, machozi yanamshuka na sauti inakatika, jambo ambalo hakuwahi kulieleza kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Bibi yake aliletwa na Waingereza kukata miwa. Huko kwao India walikuwa na mti wao, majani yake walikunywa, walikula, wakaogea. Huku hawakuupata. Watoto wakatoka vipele, Mama akaja kutembea, hakuna tawi la kutundika mlangoni. Wakatafuta mti uliofanana nao, wakauona huu, wakasema Mama atatusamehe. Akawasamehe. Kwa hiyo wakautundika mlangoni, wakauweka kwenye mchele, wakaogea, ila kuunywa walijua haunyweki, maana waliojaribu mwanzoni walizikwa. "Kila mtoto wa hapa anajua," alisema tena.

"Sisi si watoto wa hapa," nilimjibu, na nilimjibu kwa ukali. Nilitaka kumtukana. Nilitaka kulimwaga sinia lake. Nilikuwa nikitafuta ubaya wake na sikuuona, niliona bibi kizee analia kwa ajili ya msichana ambaye hakuwahi kukutana naye. Alitaka kuinuka amwendee Ernestina, magoti yakamgomea, na kwa mazoea akanyosha mkono ainuliwe. Ernestina, kwa mazoea yale yale, akaupokea akamwinua. Wakasimama hivyo, wameshikana, hakuna aliyejua nani amwachie mwenzake.

Tulirudi mjini watu wakiwa wanatoka kazini. Duka lilikuwa limejaa, lakini Baudouin alikuwa amekizuia kile kibanda kwa kiti. Nilipiga Muheza kwa mwenye duka, nikamwomba amwite bibi, tukasubiri, nikapiga tena. Nilibaki na Ernestina ndani, nimemshikia simu sikioni. Alisema shikamoo. Akasema, "Mama, Peti ametutoka." Sauti ya bibi ilijaa kibanda. Ililia, ikaita jina la mtoto, ikaita jina la Mungu.

"Ni nini? Alikuwa na nini?"

"Malaria, mama. Aliipata njiani."

"Ulimpa nini, mwanangu? Ulimpa dawa gani?"

Ernestina alinitazama. Niliona kwamba neno la kweli lilikuwa limemfika mdomoni, na niliona pia kwamba kule Muheza alikuwa amesimama mwanamke mzee kwenye duka la watu, ameshika simu ya watu, hana wa kumshika.

"Mwarobaini, mama."

Laini ilikoroma kidogo. Bibi alipoongea tena hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anayembembeleza mtoto mdogo, nasi tulilazimika kutega sikio.

"Basi ulifanya ulichopaswa, mwanangu. Hata mimi ningempa huo huo. Usijilaumu, unasikia? Mwarobaini haujawahi kumdhuru mtu."

"Ndiyo, mama," alisema Ernestina, na akaendelea kusema hivyo hivyo, ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka simu ilipokatika.